Niliulizwa Maneno, Nikatoa Sifa

Nyinyi mnaokaa sasa kwenye kile kiti cha mkalimani, upande wa kushoto wa hakimu, mmeniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijazisahau. Nimestaafu, hii ni wiki ya tatu, na mke wangu ameanza kuniuliza kila asubuhi kama leo pia nitashinda nyumbani. Basi naandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yamo kwenye faili, na mwenye hamu nayo atayaona huko. Nitasema jinsi nilivyoanza, nani alinifundisha, na kesi moja. Kesi za kuchekesha ninazo nyingi, za kuku na mahari na mashahidi walevi, lakini nikiziandika hizo na kuiacha hii, nitakuwa nimerudia kosa lile lile.

Nilifika Kericho mwishoni mwa miaka ya ishirini, nikitokea Kavirondo, kando ya ziwa. Shule ya misheni ilikuwa imenipa Kiingereza cha kumtosha mtu mmoja na majivuno ya kuwatosha watatu. Chai yenyewe ilikuwa changa siku hizo. Mahali mnapoona leo kijani kitupu kutoka barabarani hadi mtoni, palikuwa na visiki vya msitu vilivyofuka moshi, na katikati yake miche iliyofika magotini. Mvua ilishuka kila siku baada ya saa nane kana kwamba nayo imeandikwa kazi.

Siku ya kwanza nilipewa meza, kalamu ya nibu, chupa ya wino na daftari la majina. Kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kiligongwa, watu wakajipanga, vipande vyao, vile vyeti vya kazi vya serikali, vikining'inia shingoni ndani ya vikebe, nami nikaanza kuita. Wengi walikuwa watu wa ziwa kama mimi. Wakipsigis, wenyeji wa nchi, walikuwa wachache, na wengi wao walikuja kwa kazi ya maksai wa kuvuta magari ya kuni, maana hapakuwa na mtu wa kuwashinda kwa ng'ombe. Lugha yao niliiokota upesi, kama mtu anayeokota kuni kwenye shamba la mwenziwe: haraka haraka, bila kuchagua. Haukupita mwaka, Bwana Mkubwa wa shamba akanifanya mkalimani juu ya ukarani wangu.

Aliyenifundisha kazi hiyo kwa kweli ni Mzee Faraji, Mnubi aliyekuwa askari zamani, na wakati huo mkalimani wa korti pale boma. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka karatasi zetu mjini, na nikiwa nasubiri kujibiwa aliniita barazani. Alivaa tarbushi nyekundu iliyopauka ikawa rangi ya matofali, na mfukoni alikuwa na uzi mnene. Shahidi akisema, Mzee Faraji alishika uzi ule mgongoni, na kwa kila jambo alilosikia alifunga fundo. Akitafsiri, aliyafungua moja moja. Uzi ukibaki na fundo, alijua kuna jambo hajalisema.

"Mtu akitoa maneno kumi, nawe ukatoa mawili," aliniambia, "manane umeyapeleka wapi? Umeyala?"

"Je, kama hayana maana, mzee?"

"Maana ni kazi ya hakimu. Wewe unalipwa kwa kubeba."

Nilinunua uzi kwa Mhindi siku hiyo hiyo. Niliutumia wiki mbili, kisha nikaona mtu mwenye Kiingereza kama changu hahitaji mafundo.

Badala ya uzi nikawa na kidaftari cha maneno. Barua za mabwana zilipita mikononi mwangu kwa kunakiliwa, na kila neno geni nililiandika. Hivyo ndivyo nilivyolipata neno *insolent*. Lilikuwa kwenye barua ya Bwana msaidizi, kijana mwekundu wa uso tuliyemwita Bwana Haraka, akimlalamikia mpishi wake. Kwa jinsi barua ilivyokwenda, niliona ni neno la sifa la kumwelezea mtu jeuri, fidhuli, asiyejua mahali pake. Nililipenda jinsi linavyotamkwa. Nikaliweka kama mtu anavyoweka shati la Krismasi, nikingoja siku ya kulivaa.

Siku yenyewe ilikuja na mtu anayeitwa arap Mutai.

Arap Mutai alitoka ng'ambo ya Sosiot. Alikuwa mtu mzima wa kama miaka thelathini, mrefu, mpole wa sauti, na hajawahi kuandikwa kazi na mtu yeyote maishani mwake. Alipewa maksai wanane na gari la kuni. Ng'ombe wale, waliozoea viboko, wiki ya pili walikuwa wakimfuata kwa kuitwa majina tu. Sina ubaya wowote wa kuusema juu yake isipokuwa mmoja, nao haukuwa ubaya. Asubuhi moja nilikuwa nikiwatangazia Wakipsigis habari ya posho kwa lugha yao, nikakosea neno, nikasema kitu cha aibu badala ya unga. Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Arap Mutai peke yake hakucheka. Alinisogelea akanitamkia neno lile sawasawa, polepole, mara mbili, kama unavyomsaidia mgeni. Kwa kufanya hivyo mbele ya watu wote alinikera kuliko waliocheka. Niliondoka pale nimemwekea jambo moyoni.

Siku chache baadaye, Bwana Haraka alikuja zizini kabla ya magari kutoka. Maksai mmoja alikuwa na kidonda shingoni, kibichi, na arap Mutai alikuwa amemwacha bila nira. Bwana Haraka akaamuru ng'ombe huyo afungwe nira, kuni zinangojwa kiwandani. Arap Mutai alimtazama ng'ombe, akamtazama Bwana, akasema kwa Kipsigis maneno haya, nami niliyasikia yote:

"Mwambie Bwana mimi sijazoea kuweka nira juu ya kidonda. Kwetu hatufanyi hivyo, ng'ombe hulala njiani. Kama wao wana namna yao ya kufanya, anionyeshe, nami nitajifunza."

Mzee Faraji angefunga mafundo matatu.

"Anasema nini huyu?" Bwana Haraka akauliza, uso tayari umeiva.

Nikamjibu kwa Kiingereza, na nilisimama wima nikisema: "He is insolent, sir." Basi. Huyu ni jeuri, bwana. Neno langu lilitoka zuri, silabi zote tatu. Bwana Haraka alinitazama kwa mshangao, nadhani hakutegemea karani kuwa na neno hilo, kisha akamgeukia arap Mutai na kumchapa usoni kwa kofia yake. Arap Mutai hakuinua mkono. Alinitazama mimi, akiwa na swali machoni, akingoja nimweleze kilichotokea. Sikumweleza.

Siku hizo sheria iliruhusu mtumishi aliyemtolea mwajiri wake maneno ya matusi kushtakiwa. Bwana Haraka aliandika barua kwa boma, nami ndiye niliyeinakili, kwa mwandiko mzuri. Keshokutwa yake nilikuwa kortini, shahidi, na aliyekuwa akitafsiri ni Mzee Faraji.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza swali la haki kabisa: mshtakiwa alitumia maneno gani?

"He was insolent, sir," nikasema.

Mzee Faraji aligeuza kichwa. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini iliyonifikia mimi tu: "Umeulizwa maneno, kijana. Hukuulizwa sifa."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningeweza kusema, bwana, alisema hivi na hivi na hivi. Lakini Bwana Haraka alikuwa amekaa mbele yangu, na kusema vile kungekuwa kusema kwamba zizini nilidanganya. Nikamwambia hakimu kwamba maneno hasa siyakumbuki. Niliyakumbuka. Hata sasa nayakumbuka na mahali alipovuta pumzi.

Hakimu akamwuliza arap Mutai kama ni kweli alimjibu Bwana wake vibaya. Mzee Faraji akalibeba swali zima. Na arap Mutai akajibu hivi:

"Mimi nilisema, na karani akayapeleka maneno yangu. Yeye ndiye anayejua lugha ya wazungu. Kama karani anasema kwamba kule yalikofika yalikuwa mabaya, basi yalikuwa mabaya. Mimi sikujua."

Mzee Faraji aliyatafsiri yote hayo, fundo kwa fundo. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekubali. Miezi mitatu, kazi ngumu.

Nilipotoka barazani nilimsalimu Mzee Faraji. Aliitikia salamu. Tangu siku hiyo hadi alipoondoka kazini aliitikia salamu zangu zote, wala hakunifundisha tena kitu chochote. Mimi nikaongezewa cheo shambani mwezi uliofuata, na nimeahidi kutosema habari za vyeo.

Wafungwa walikuwa wakivunja mawe ya barabara upande wa Londiani, kwenye baridi. Mwezi wa pili kijiwe kiliruka kutoka chini ya nyundo ya mwenziwe kikaingia jicho la kulia la arap Mutai. Habari nilizipata kwa mwendesha maksai mwingine, alipokuja kunieleza kwa nini arap Mutai hatarudi kazini. Nilifuta jina lake kwenye daftari kwa rula, mstari mmoja ulionyooka.

Miaka ikapita. Mnaweza kufikiri nilikuwa nikimwaza kila siku. Sikumwaza. Nilioa, nikapata watoto, nikajifunza kazi vizuri, hata nikaanza tena kutumia uzi. Mzee Faraji alipostaafu, katikati ya miaka ya thelathini, kiti chake nikapewa mimi.

Wakati huo alikuja hakimu mwingine, kijana, mtaratibu, mwenye masanduku matatu ya vitabu. Kimoja kilikuwa kamusi kubwa ya Kiingereza, nzito kama mtoto wa mwaka, na aliniruhusu kuisoma wakati korti imepumzika. Nilikuwa nikitafuta neno jingine kabisa la kesi ya urithi, nikageuza ukurasa, nikaliona neno langu la Krismasi. Mbele yake paliandikwa maana niliyoijua. Baada ya hapo palikuwa na maneno ya Kilatini.

Nikampelekea hakimu kitabu, nikamwuliza hayo yanasemaje.

Alifurahi kuulizwa. "Ah, hili limetoka mbali," akasema. "Hii *in* ya mwanzo maana yake ni 'si'. Na hii *solens* ni mtu aliyezoea. Kwa hiyo Warumi wa kale walipolisema walimaanisha mtu asiyezoea. Mgeni wa jambo. Sasa, mtu asiyezoea desturi za mahali huzivunja, sivyo? Ndipo polepole neno likahama, likawa la mtu mwenye jeuri."

"Mtu asiyezoea," nikasema.

"Ndiyo. Mwanzoni halikuwa tusi."

Lazima niwaambie nilichohisi, ingawa ni aibu kuliko kosa lenyewe. Nilifurahi. Kwa kama robo saa nilitembea kwenye baraza la korti moyo ukiwa mwepesi, nikijiambia kwamba basi sikudanganya. Arap Mutai alisema hajazoea, na mimi nilisema hajazoea, ila kwa Kilatini! Nilikuwa karibu kuamini kwamba nilitafsiri vizuri kuliko nilivyojua. Kisha nikasikia watu wanaingizwa kortini, nikaenda kukaa kitini pangu, na mshtakiwa wa kwanza alikuwa mzee aliyeniangalia mdomoni kwa jicho la kutegemea, kama mtu anayevushwa mto mgongoni mwa mwenziwe. Furaha ikaniisha pale pale. Siku ile nilifanya kazi vibaya.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilitembea hadi ng'ambo ya Sosiot. Arap Mutai alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akilainisha ukanda wa ngozi kwa mafuta. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Karani," akasema. "Keti."

Nikaanza kwa Kilatini. Kweli. Nilitembea mwendo wote ule na bado nilianza na kujitetea. Nikamweleza kwamba kuna neno, na neno hilo zamani, kwa Warumi, lilikuwa na maana ya mtu asiyezoea.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Hao Warumi ni watu wa wapi?"

"Wa Ulaya. Walikufa zamani sana."

"Sasa wanatusaidia nini mimi na wewe?"

Akaweka ukanda chini. "Siku ile mimi nilisema nini?"

Nikamrudishia maneno yake yote, la nira, la ng'ombe kulala njiani, la kuonyeshwa na kujifunza.

"Ndivyo nilivyosema. Na wewe ulimwambia nini Bwana?"

"Nilimwambia wewe ni jeuri."

"Halafu?"

"Basi. Hilo tu."

Ndama alilia nyuma ya nyumba, akatulia. "Kumbe hayakufika," akasema mwishoni. "Miaka yote hii mimi nilijua yalifika."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa na mwana, Kiprono, aliyempeleka shule ya misheni. Kabla hajaenda, alimkalisha chini akamwonya: ukiwa mbele ya mzungu, usiseme kamwe kwamba hujui. Usimwambie akuonyeshe. Mimi nilisema hivyo nikafungwa nikapoteza jicho. Mtoto alitii. Alikaa darasani mwaka mzima hakuuliza neno hata moja, lisilomwingia likampita, hadi mwalimu akamrudisha nyumbani na barua kwamba hana akili. "Ana akili," arap Mutai akasema. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Na aliyenipa kamba ni wewe."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Nikamwambia niko tayari kumlipa ng'ombe.

"Ng'ombe ninao. Jicho limekwenda, silitaki. Nenda kwa Bwana Hakimu. Kule kwenye karatasi zao kuna mahali wameandika kwamba mimi nilitukana. Mwambie nilisema nini. Basi hilo."

Nikamwahidi. Nilishika mkono wake nikamwahidi.

Jumatatu nilifika hadi mlangoni pa hakimu. Alikuwa akinywa chai, akaniuliza nina shida gani. Nikasema naomba ruhusa ya siku moja, mtoto anaumwa. Mtoto hakuwa anaumwa. Mkalimani aliyekiri kwamba alitoa ushahidi wa uongo hawezi kukaa tena kwenye kile kiti, mnajua hilo, na mimi nilikuwa na watoto wanne na sikuwa na kazi nyingine mikononi. Hiyo ndiyo sababu. Naiandika kama ilivyo, sisemi inatosha.

Mwezi uliofuata, siku ya korti, niliona arap Mutai amekaa kwenye benchi la nje, pamoja na watu wenye kesi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nilipopita aliniuliza jambo moja tu: "Umesema?"

"Bado."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Akarudi mwezi wa pili. "Umesema?" "Bado, Bwana ana kazi nyingi." Akarudi mwezi wa tatu, mvua imemlowesha, blanketi limemganda mabegani, na safari hii mke wake alikuwa naye. Watu walikuwa wakitutazama. Karani wa hakimu alikuwa amesimama mlangoni akiniita.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema," nikamwambia. "Bwana amesikia. Ameandika."

"Ameandika maneno yangu?"

"Yote."

Nimeona watu wakiachiliwa huru kwenye korti ile, wengine waliotoka kwenye kivuli cha kitanzi. Sijaona uso uliofunguka kama ule. Alimgeukia mke wake akamweleza, akarudia mara mbili. Mke wake akatoa mursik, kibuyu kizima cha maziwa ya mgando, waliyokuja nayo kumpa yeyote aliyestahili kushukuriwa, akakiweka mikononi mwangu. Nilikunywa. Wao wamesimama wananitazama, nami nikanywa hadi nilipohema.

Hakurudi tena boma. Alikufa miaka michache baadaye, kwa homa ya mapafu, na walionipa habari walisema alikwenda kwa amani.

Wiki niliyostaafu, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwa Kiprono. Sasa ni mtu mzima, ana ng'ombe wake na robo eka ya chai, na vitabu vya watoto wake huvisoma kwa kupekua kurasa tu, akitazama picha. Tulikaa nje. Nikamweleza yote, zizi, korti, kamusi, benchi, na kwamba sikuwahi kumwambia hakimu yeyote. Nikamwambia sasa kiti si changu tena, naweza kwenda hata kesho nikaseme.

Hakupaza sauti. "Baba amekufa," akasema. "Utamwambia nani kwamba umesema?"

"Mama yako yupo."

"Mama anajua ulisema zamani. Kila akiomba jioni anakutaja. Ukimwambia leo hukusema, utakuwa umemtuliza nani? Wewe." Akasimama. "Nenda boma ukaseme, ni haki ya baba. Lakini hapa nyumbani usifungue mdomo."

Nimekwenda. Hakimu wa sasa mnamjua. Alinisikiliza kwa heshima, akatuma faili litafutwe, nalo halikuonekana. Mafaili ya miaka ile yaliteketezwa kwa kukosa nafasi. Kwa hiyo hakuna karatasi ya kusahihisha, isipokuwa hii.

Siku ile kwa Kiprono, nilipokuwa naaga, mama yake alitoka nyumbani akijishikilia ukutani. Haoni vizuri tena. Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akauliza kama mimi ndiye yule karani. Kiprono alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama.

"Ndimi, mama," nikasema.

"Kongoi," akasema, ndiyo asante yao. "Kongoi, karani. Kongoi sana."

Nami nikaitikia.